Saa za koodineta ni pesa yako: mwongozo wa kuutumia mpango wa NDIS huko Australia

Bahasha ilikuwa ndani ya kopo la biskuti, chini ya pasipoti na kadi za chanjo. Mama mwenye nyumba, mkimbizi kutoka Kivu Kusini anayeishi Logan, kusini mwa Brisbane, aliitoa taratibu akaniwekea mezani. Aliitunza vizuri, haikuwa na mkunjo. Ndani mlikuwa na mpango wa NDIS, yaani karatasi ya pesa za huduma ambazo mfumo wa bima ya ulemavu wa Australia umemtengea kijana wake wa miaka 19 mwenye mtindio wa ubongo. Tarehe ya kuanza ilikuwa miezi tisa nyuma, na haikuwa imetumika hata dola moja. Alikuwa anasubiri pesa ziingie benki. Miezi ilivyopita bila kitu kuingia, akajiambia kwamba labda serikali imebadili nia, na yeye si mtu wa kuidai serikali iliyompokea. Muda wote huo kijana alilala kwenye godoro sakafuni, maana mama hakuweza tena kumnyanyua hadi kitandani.

Ndani ya mpango ule kulikuwa na saa 40 za koodineta, mtu wa kukutafutia na kukuunganishia huduma. Mtu ambaye kazi yake ni kuzuia jambo kama hilo alikuwa ameshalipiwa, ila hakuna aliyemwambia mama kwamba yupo.

Nimeifanya kazi ya ukoodineta kwa miaka kadhaa hapa Queensland, na sehemu kubwa ya familia nilizohudumia zinazungumza Kiswahili: za Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyarudia mezani kwao kila wiki.

Kabla ya yote, ujue pesa hii ikoje

NDIS ni mfumo wa taifa wa bima ya ulemavu wa Australia. Sheria yake ni ya mwaka 2013, majaribio yalianza Julai 1 mwaka huohuo, na leo una washiriki zaidi ya laki saba. Unaendeshwa na wakala wa serikali uitwao NDIA. Kuingia, ni lazima uwe umeomba kabla ya kutimiza miaka 65, uwe unaishi Australia, na uwe raia au mwenye viza ya kudumu. (Kuna pia viza maalumu ya kundi fulani la raia wa New Zealand.) Viza za ukimbizi za namba 200 hadi 204 ni za kudumu, kwa hiyo huna haja ya kusubiri uraia ndipo uombe. Kipato chako hakiulizwi, na pesa ya NDIS haipunguzi malipo yako ya Centrelink, ofisi ya serikali ya malipo ya ustawi. Hizo ni kapu mbili tofauti.

Pesa inakuja ikiwa imegawanywa katika mafungu. Fungu lililoandikwa Core ni la maisha ya kila siku: msaidizi wa kuogesha na kuvisha, mtu wa kutoka naye, nepi za mtu mzima na vifaa vidogo. Capacity Building ni la kujijengea uwezo, na humo ndimo wanamokaa wataalamu wa tiba na koodineta. Capital ni la vifaa vikubwa na marekebisho ya nyumba. Kodi ya nyumba, chakula cha sokoni na ada ya shule havimo. Tangu Oktoba 3, 2024 iko orodha ya kisheria ya vinavyokubalika na visivyokubalika, na koodineta anapaswa kuijua vizuri.

Kisha tazama ni nani anayeishika pesa. Ikiwa NDIA yenyewe ndiyo inayolipa, unaweza kutumia watoa huduma waliosajiliwa tu. Ikiwa yuko msimamizi wa mpango, yeye hupokea ankara na kuzilipa, na unaruhusiwa kutumia hata wasiosajiliwa. Ada yake hutoka kwenye kifungu chake maalumu, haili huduma zako. Ukijisimamia mwenyewe, unalipa na kudai, na kila risiti unatakiwa kuitunza. Familia ambayo ndiyo kwanza inaanza, tena Kiingereza bado kinasumbua, mimi huishauri ichukue msimamizi wa mpango. Lakini shika hili: msimamizi ni wa kulipa ankara, koodineta ni wa kukutafutia na kukuunganishia huduma. Watu huwachanganya, na wengi hudhani wana koodineta kumbe wana mlipaji tu.

Hatua ya 1: Fungua mpango utafute maneno "Support Coordination"

Yatakuwa chini ya Capacity Building. Yasipokuwepo, huna koodineta wa kulipiwa, na hutakiwi kumlipa mtu kwa pesa ya fungu jingine. Bado unaye mratibu wa eneo, anayeitwa LAC, ambaye ni wa bure na atakusaidia kuanza. Mtoto wa chini ya miaka 9 familia yake huhudumiwa na mshirika wa NDIA wa watoto wadogo. Ukiona hiyo haitoshi, kwa mfano mnahama mara kwa mara, au mlezi mwenyewe anaumwa, au huduma ni nyingi na zinagongana, unaweza kuiomba NDIA iongeze.

Yakiwepo, tazama ni ngazi gani, maana ziko tatu. Ya kwanza ni ya kukuunganisha tu na huduma. Ya pili ndiyo ya wengi: koodineta anakutafutia huduma, anazipanga, na anakuwepo zinapoyumba. Ya tatu ni ya mtaalamu, kwa maisha yenye mikasa mizito kama kukosa makazi, kutoka gerezani, au hatari ndani ya nyumba.

Sasa shika kalamu. Bei ya juu kabisa ya ngazi ya pili katika maeneo ya kawaida imekaa kwa miaka kadhaa kwenye dola 100.14 kwa saa. Ngazi ya tatu ni dola 190.54. Saa 40 za ngazi ya pili kwa mwaka ni dola 4,005.60. Gawa kwa wiki 52, unapata kama dakika 46 kwa wiki. Ndani ya dakika hizo ziko simu, barua pepe, vikao na ripoti ambayo koodineta anatakiwa kuiandikia NDIA. Ndiyo maana sipendi kumsikia mtu akimpigia koodineta kuuliza basi linapita saa ngapi. Haruhusiwi kukasirika, lakini swali hilo limekula pesa ya mtoto.

Jambo moja zaidi: kuanzia Mei 2025 mipango mipya inatoa pesa kwa vipindi, mara nyingi miezi mitatu mitatu. Saa 40 zinakuwa saa 10 kwa kila kipindi. Zikibaki zinaingia kipindi kinachofuata, ilimradi mpango ni uleule. Mpango ukiisha, kilichobaki hakihamii kwenye mpango mpya.

Hatua ya 2: Tatua suala la lugha kabla ya kikao cha kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo familia zetu zinapoumia bila kujua.

Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Nimemwona binti wa miaka 13 akiambiwa aeleze kwa Kiingereza jinsi kaka yake anavyojichafua usiku. Alitafsiri kwa kusema "wakati mwingine anahitaji msaada wa choo." Hakuwa mwongo, aliona aibu. Kilichoandikwa kwenye faili ni "wakati mwingine", na kwa neno hilo nepi na msaidizi wa usiku vikapungua.

Mkalimani yupo. Namba ya TIS National, huduma ya ukalimani ya serikali, ni 131 450, saa 24. Unataja lugha yako, unawaomba wakuunganishe na NDIA kwa namba 1800 800 110. Mtoa huduma aliyesajiliwa anaweza kumwita mkalimani wa TIS kwa ajili ya huduma zako, na gharama hiyo haikatwi kwenye mpango. Kwa hiyo koodineta akikwambia "mkalimani atamaliza pesa zako," muulize amelitoa wapi hilo.

Unapoomba, sema wazi unataka Kiswahili cha wapi, au kama Kirundi, Kinyarwanda au Kifaransa kinakukaa vizuri zaidi. Mama wa Uvira na mkalimani wa Mombasa wanaelewana kwa salamu, lakini wakifika kwenye magonjwa na dawa kila mmoja ana maneno yake. Unaweza pia kuomba mwanamke au mwanamume. Na kama jamii yenu mjini ni ndogo, kila mtu mnaonana kanisani au msikitini, omba mkalimani wa simu kutoka jimbo jingine, asiyekujua. Mkalimani mwenye cheti cha NAATI, chombo cha taifa kinachowathibitisha wakalimani, amefungwa na maadili ya kutunza siri, ila naelewa moyo wa mama ambaye hataki aliyesikia habari za kitandani mwa mwanawe ndiye akae naye benchi moja Jumapili.

Hatua ya 3: Wahoji makoodineta wawili au watatu

Ndiyo, wewe ndiye unayehoji. Wengi wetu tunaona haya: mtu amekuja na kitambulisho shingoni na kompyuta mkononi, utaanzaje kumuuliza maswali? Mkaribishe chai, kisha umuulize.

Muulize una washiriki wangapi mkononi sasa. Muulize nikikupigia Jumatatu utanirudia lini. Muulize ameshamhudumia mtu mwenye ulemavu kama wa mwanangu, na walipata nini mwisho wake. Muulize dakika chache kabisa unazonitoza kwa simu moja ni ngapi. Akikujibu kwa kuzungukazunguka kwenye swali hilo la mwisho, mshukuru umsindikize mlangoni.

Swali kubwa kuliko yote ni hili: kampuni yako inauza huduma gani nyingine? Kampuni moja inaweza kuwa na makoodineta, wasaidizi wa nyumbani na nyumba za kukaa pamoja. Sheria haikatazi hilo moja kwa moja, lakini mgongano wa maslahi ni lazima uwekwe wazi, na koodineta anatakiwa akupe chaguo la kweli, si kukupeleka kwa wenzake. Akileta jina moja tu la mtoa huduma, mwambie alete matatu, na kwa kila moja aeleze uzuri na upungufu wake.

Na niseme lile tunalonong'onezana. Siku hizi kampuni nyingi za NDIS zinaendeshwa na ndugu zetu Waafrika, na baadhi zinafanya kazi nzuri sana. Koodineta anayejua kwamba kwenu mgeni havui viatu kwa kuombwa, na kwamba bibi naye ana neno katika uamuzi, ni baraka. Lakini kuwa wa kabila moja au kanisa moja si cheti. Muulize maswali yaleyale. Mtu yeyote anayekuahidi simu, vocha ya duka au fedha mkononi ili utie saini kwake, anazichota kwenye fungu la mgonjwa wako. Laini ya kuripoti udanganyifu ni 1800 650 717, na unaweza kuripoti bila kujitaja.

Hatua ya 4: Soma makubaliano ya huduma, au yasomwe kwako

Usitie saini siku hiyohiyo. Omba nakala, omba mkalimani, kisha tazama mambo manne tu. Saa ngapi kwa mwezi na bei ya saa. Je, anatoza muda wa safari na kilomita, na kwa kiasi gani? Ukiwa unaishi mbali, safari inaweza kula robo ya saa zako, kwa hiyo mnaweza kukubaliana kukutana kwa video au simu isipokuwa vikao vichache. Notisi ya kuachana ni ya siku ngapi. Mimi nakataa kinachozidi wiki nne. Na la nne, nani anaruhusiwa kuzungumza naye habari zako. Jina la jirani au la mzee wa kanisa lisiwemo bila wewe kutaka.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, mzazi ndiye msemaji wake. Akifika 18, sheria inamwona mtu mzima mwenye kauli yake. Hili huwagonga wazazi wetu kweli. Kama hawezi kushughulika na mpango hata akisaidiwa, familia inaweza kuomba NDIA iteue mwakilishi wake. Lakini kwanza jaribu kumsaidia aamue mwenyewe yale anayoyaweza. Kijana wa Logan hazungumzi, ila alipowekewa picha za wasaidizi watatu alikodolea macho mmoja na kucheka. Huyo ndiye tuliyemchukua.

Hatua ya 5: Kikao cha kwanza, eleza siku mbaya

Sisi tumelelewa kusema "tunashukuru, tunaendelea vizuri." Mgeni akiuliza habari za nyumbani huwezi kuanza na kilio. Basi mama anaulizwa, "Usiku anahitaji msaada?" naye anajibu, "Hapana, tunaweza." Anamaanisha: mimi nipo, sijamtelekeza. Karatasi inaandika: hahitaji msaada.

Kwa hiyo usijibu kwa neno moja. Simulia siku nzima, na uchague ile mbaya. Yule mama nilimwomba aanze saa nne za usiku. Akasema: namlaza upande wa kushoto, naweka mto katikati ya magoti. Saa saba namgeuza, maana asipogeuzwa ngozi ya nyonga inakuwa nyekundu. Saa tisa namgeuza tena na kumbadilisha nepi, na kama imevuja natoa shuka lote. Saa kumi na moja namkuta ameshaamka, miguu imekaza, namkanda. Halafu saa moja asubuhi nawatayarisha wadogo zake kwenda shule. Nikamuuliza, mgongo wako? Akanyamaza, akainua blauzi kidogo: amefunga khanga kiunoni, imekazwa kama mkanda, na chini yake plasta ya dawa ya maumivu.

Maelezo yale, na hesabu ya mara tatu kila usiku, ndiyo yaliyobeba ombi letu. Andika wiki moja kwenye daftari kwa Kiswahili chako, na saa zake. Mpe koodineta.

Kisha mwambieni mnataka nini maishani, si huduma gani. Kijana anapenda maji. Mama anataka aende bwawani kama vijana wengine, na yeye apate kurudi kwenye darasa la Kiingereza. Kutafuta huduma inayofikisha hapo ni kazi ya koodineta.

Hatua ya 6: Mpe kazi kwa mpangilio

Kilicho na foleni ndefu kianze kwanza. Kwa kawaida ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambaye kila mtu huku humwita OT. Yeye ndiye anayepima mtu anaweza nini na hawezi nini, na ripoti yake ndiyo NDIA inayoiamini inapofika kwenye vitanda, winchi za kunyanyulia mtu, viti vya magurudumu na marekebisho ya bafu. Mwambie koodineta akuandikishe kwenye foleni za OT zaidi ya mmoja wiki ya kwanza.

Vifaa navyo vina ngazi. Kisichozidi dola 1,500 huwa unakinunua kwa pesa iliyomo mpangoni bila mlolongo mrefu, ingawa chenye hatari ya kuumiza mtu ni vyema kipate ushauri wa mtaalamu. Cha kati ya dola 1,500 na 15,000 kinahitaji ushauri wa maandishi wa mtaalamu. Cha zaidi ya dola 15,000 kinahitaji upimaji kamili na nukuu ya bei. Wakati mnasubiri, muulize koodineta kuhusu kukodi. Kitanda cha kijana kilichukua miezi mitano kufika, lakini cha kukodi kilikuwa chumbani wiki ya nne. Siku kilipofungwa, mama alibonyeza kile kitufe cha kupandisha na kushusha mara nyingi sana, bila kusema neno.

Pili, wasaidizi wa nyumbani. Koodineta alete watatu, mkutane nao, mkubaliane saa. Hapa familia huuliza: kwa nini nisilipwe mimi, au dada yangu? NDIS hailipi ndugu wa nyumbani isipokuwa katika hali za pekee mno, kwa hiyo usijenge bajeti juu ya tumaini hilo. Na kama unaona aibu mgeni kumwogesha mzee au mwanao, mwambie koodineta waziwazi. Unaweza kudai mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume, mtu anayejua kuosha kabla ya swala, mtu anayeweza kupika ugali na kuusaga mlo uwe laini wa kumezeka.

Tatu, yanayobaki: fiziotherapia, mtaalamu wa matamshi, shughuli za nje. Haya hayana haja ya kukimbizwa yote mwezi mmoja. Mtu aliyewekewa miadi mitano kwa wiki huishia kuikosa mitatu, na miadi iliyovunjwa bila taarifa ya mapema mara nyingi hutozwa.

Hatua ya 7: Kila mwezi, dai hesabu

Omba msimamizi wa mpango akutumie taarifa ya mwezi, au ingia mwenyewe kwenye programu ya my NDIS. Kisha ichukue ankara ya koodineta uisome mstari kwa mstari.

Familia moja iliyokuja kwangu ilikuwa imemaliza saa za mwaka mzima ndani ya miezi minne, kwa koodineta wa awali. Tulizisoma ankara pamoja. "Kupitia faili, dakika 30." Siku tatu baadaye: "Kupitia faili, dakika 30." Tena. Barua pepe ya sentensi moja kwenda kwa msimamizi wa mpango, dakika 15, yaani dola 25 na ushei. Katika miezi ile minne hakuna huduma hata moja iliyoanza. Walikuwa hawajawahi kuuliza, kwa sababu ankara haikuwa inatoka mfukoni mwao.

Inatoka mfukoni mwenu. Swali la mwezi ni moja, na liandike kwa ujumbe wa simu kama huwezi kupiga: "Mwezi huu umetumia saa ngapi, kwa kazi gani, na ni nini kimebadilika nyumbani kwetu?" Koodineta mzuri hatachukia. Mimi binafsi naliona ni dalili kwamba kazi inaenda vizuri, maana sehemu ya jukumu letu ni kukufundisha mpaka uweze kupiga simu hizo mwenyewe. Mwezi wa kwanza nampigia mtoa huduma mimi, wewe unasikiliza kwa spika. Mwezi wa tatu unapiga wewe, mimi niko pembeni. Kama umefika mwezi wa kumi bado hujui jina la kampuni inayoleta nepi, koodineta wako amekufanyia kazi ila hajakufundisha.

Hatua ya 8: Mambo yakiharibika

Anza kwa kumwambia mwenyewe, kisha bosi wake, kwa maandishi. Isipotengemaa, toa notisi na umchukue mwingine. Saa zilizobaki ni zako, haziondoki naye. Kwa uzembe, ukali, wizi au jambo lolote la kumdhuru mtu, nenda kwa tume ya ubora na ulinzi wa NDIS: 1800 035 544, ukipitia mkalimani. Kulalamika hakukupunguzii mpango, wala hakugusi viza yako. Nayarudia haya mawili kwa sababu ndiyo yanayowafunga watu wetu midomo.

Koodineta si mtetezi wa kisheria. Akishindwa, au ugomvi ukiwa ni na koodineta mwenyewe, mtafute mtetezi wa bure anayelipwa na serikali, asiyeuza huduma yoyote. Yako mashirika yanayowahudumia hasa wahamiaji na wakimbizi: AMPARO Advocacy hapa Queensland, ADEC kule Victoria, Multicultural Disability Advocacy Association huko New South Wales.

Hatua ya 9: Miezi mitatu kabla ya mpango kuisha

Usingoje wiki ya mwisho. Mkumbushe koodineta akusanye ripoti za OT na wengine, na kila ripoti ijibu maswali mawili: nini kimesaidia, na nini kitatokea huduma ikikatwa. Kama maisha yamebadilika katikati, mlezi amelazwa au mmehamia mji mwingine, iambieni NDIA wakati huohuo, msingoje mpango uishe.

Mpango mpya ukija na pungufu lisilo na haki, mna miezi mitatu kuomba mapitio ya ndani. NDIA ina siku 60 kuamua. Mkikataliwa, mna siku 28 kupeleka shauri kwenye baraza la rufaa, ART, lililochukua nafasi ya AAT Oktoba 14, 2024. Hapo mchukueni mtetezi, msiende peke yenu.

Mara nyingi kinachokatwa mwaka wa pili ni saa za koodineta zenyewe, kwa hoja kwamba sasa mmeshazoea. Wakati mwingine ni kweli. Tathmini ya NDIS iliyotolewa Desemba 2023 ilipendekeza hata kazi yetu na ya LAC ziunganishwe ziwe za watu wa aina mpya wa kuwaongoza washiriki, kwa hiyo msizoee sura ya mtu mmoja. Kabla hajafunga faili, chukueni kwake vitu hivi kwenye bahasha moja: nakala ya mpango, makubaliano yote yaliyotiwa saini, ripoti za wataalamu, orodha ya namba za watoa huduma na jina la mtu wa kumuulizia kila mahali, na taarifa ya mwisho ya salio kwa kila fungu. Yule mama wa Logan orodha yake ameibandika kwa sumaku kwenye mlango wa friji, na juu ya kila namba ameandika kwa Kiswahili ni ya nini.